Chai ya Asubuhi ya Laurenti

Jumatatu, 8 Aprili 1957

Mvua tangu alfajiri. Koo limekauka kwa saumu. Naanza shajara hii kwa sababu mambo yanayonizunguka yanataka shahidi, na katika Tanga nzima shahidi ninayemwamini ni mimi, Zubeiri.

Habari kubwa. Mzee Idarusi, aliyekuwa karani wa mahakama na sasa amestaafu, amepata kazi ya ukalimani kwa memsahibu mmoja aitwaye Bibi Agatha. Bibi huyu ametoka chuo cha Ulaya. Kazi yake ni kuuliza watu wanaona nini wakifumba macho. Naam! Amevuka bahari kuja kuuliza hivyo. Hapana, hapana. Kuna kitu.

Mzee Idarusi ni baba yake Asmahani. Posa yangu iko kwake tangu Shaabani, na jibu halijatoka. Mselem mshona kofia naye kaposa huko huko, mchana kweupe, bila haya. Jana baada ya futari mzee alitwambia barazani kwake kwamba kazi hii imemjia kwa heri: sasa atasikia yaliyomo vichwani mwa vijana wa mtaa, na kabla ya Idi atajua binti yake ampe nani. Mselem akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Kwa hiyo ni mtihani. Atakayeona mengi ndiye mwenye Asmahani. Jambo liko wazi.

Ila kuna kasoro moja. Nikifumba macho sioni kitu. Giza. Na sina wasiwasi, kwa sababu hakuna mtu anayeona kitu akifumba macho. Mimi ni mkata tiketi wa sinema na picha nazijua. Zinatoka kwenye mashine, zinapita juu ya vichwa vya watu, zinatua ukutani. Ukuta wenyewe niliupaka chokaa mimi. Hakuna picha inayotoka kichwani kwa mtu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kupeleleza. Bibi Agatha kapewa ukumbi wa kilabu kimoja, lakini watu walikataa kufungiwa naye ndani. Mwinyijuma, muuza kahawa, kasambaza kwamba ni mumiani, anavuta picha kichwani kwanza kisha damu. Basi bibi anauliza milango ikiwa wazi, na anayetaka kukaa mabenchini kusikiliza anakaa. Nilikaa nyuma, nikajikinga kwa mwavuli. Ndani ya ukumbi. Watu walinitazama lakini tahadhari ni tahadhari.

Bibi ni mwembamba, ana miwani, ana saa ya kiume. Anamwambia mtu afumbe macho, akumbuke chakula chake cha mwisho kabla ya kuja pale, kisha aseme anaona nini. Rangi zipo? Mwanga upo? Baadaye anauliza nyumba yako ina madirisha mangapi. Hapo nikashtuka. Madirisha! Kesho tutasikia kodi ya madirisha.

Mselem alikuwa wa kwanza. Alifumba macho kama mtu aliyelala, akasema anaona futari ya jana: maandazi, bakuli la tambi, moshi unapanda, na nzi mmoja ukingoni. Nzi! Akasema hata kofia haanzi kuitoboa mpaka aone nakshi yote mbele yake, halafu anafuata tu kwa sindano. Bibi akaandika. Uongo uliopangwa huo. Hata nzi kapewa nafasi yake.

Akafuata Uweso, fundi baiskeli, kijana mpole asiye na mpango wowote maishani. Akaulizwa anaona nini. Akasema haoni kitu, ni giza tu. Anajua kwamba alikula mihogo ya nazi, anajua sahani ilikuwa ya bati, lakini kuiona haioni. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mzima anakosa hata uongo wa kuazima! Bibi Agatha akasogeza kiti, akamuuliza tena na tena, kalamu haitulii. Mzee Idarusi akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Aibu, bila shaka. Aliona haya kwa niaba ya Uweso.

Mwisho bibi akatangaza kwamba hakuna jibu la makosa. Anayeona sawa, asiyeona sawa, wala si ugonjwa. Mtihani usio na jibu la makosa! Hata mtoto wa chuo cha Kurani angejua huo ni mtego.

Jumatano, 10 Aprili

Mselem ana karatasi mahali. Nakshi ile haiwezi kutoka hewani. Adhuhuri alivua kofia yake akaiweka ukingoni mwa birika la msikiti akitawadha. Nikaichukua haraka, nikageuza bitana, nikapapasa kila mshono. Hakuna karatasi. Harufu ya mafuta ya nazi tu. Nilipoinua uso Mselem alikuwa amesimama mbele yangu na maji yanamchuruzika viwikoni. Akaniuliza kwa upole kama ninaitaka. Upole wa namna hiyo unatisha. Mpaka alasiri mtaa mzima ulikuwa unasema Zubeiri kadokoa kofia msikitini.

Leo pia bibi aliwauliza wanawake, uani kwa Mzee Idarusi. Mama yangu, Bi Mwanamkasi, alikwenda. Aliporudi nikamhoji. Kasema aliombwa afikirie mtu anayempenda, naye akamwona marehemu baba anaingia mlangoni na mtungo wa samaki changu mkononi, kanzu imelowa pindoni, vile vile alivyokuwa. Alisema hivyo huku anacheka na machozi yanamtoka.

Hata mama yangu! Wameshampata.

Nikauliza kuhusu Asmahani.  Mama akasema tu kwamba binti wa watu alitoka pale analia, kwa maneno ya wanawake wenzake. Maneno gani? Akasema, "Ya wanawake, mwanangu. Weye ungoje zamu yako, useme kweli, basi."

Nimejua. Mselem kamtuma dada yake akamtie maneno. Lakini atashangaa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepata dawa.

Nikijitungia chakula mwenyewe nitakosea. Mselem alichokisema mzee kakisikia. Ninahitaji picha ya mtu asiyejulikana mtaani. Nikamkumbuka Laurenti, karani wa shamba moja la mkonge, mtu wa Lushoto, Mkatoliki, mpenzi mkubwa wa sinema. Haendi kwa bibi. Alikuja mchana kuulizia filamu ya Pasaka. Nikampandisha chumba cha mashine, nikamwambia afumbe macho anieleze chakula chake cha mwisho. Nilimwahidi kiti cha nyuma bure.

Hakuuliza kwa nini. Alifumba macho akamwagika! Meza yenye kitambaa cha maua. Kikombe cha bati chenye mdomo wa kijani, pametoka rangi penye mkono. Chai ya maziwa. Viazi vitamu vimefukizwa, kimoja kimepasuka. Na mengine, na mengine. Nusu saa nzima anasema na anatabasamu, kama anavyotabasamu mbele ya filamu. Nilimwangalia usoni nione mahali anapodanganya. Sikupaona. Ni hodari sana huyu, kuliko hata Mselem.

Niliandika kila neno. Kisha nikatumia akili. Laurenti alikuwa ametaja picha ya Bikira Maria ukutani. Nikaifuta, nikaweka saa ya ukutani. Wanaodanganya kijinga wangeiacha! Jioni nzima nimekuwa nikihifadhi, kwa kuyumba kama tulivyokuwa tukiyumba chuoni. Sasa inatoka yenyewe. Nikigusa neno la kwanza, la mwisho linakuja.

Asmahani ni wangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Sitaki kuandika.

Nitaandika.

Nilikwenda saa tatu asubuhi, kanzu imepigwa pasi. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti nzuri. Mabenchi yamejaa. Mselem yupo. Bibi akauliza chakula changu cha mwisho. Nikafumba macho. Giza kama kawaida. Nikaligusa neno la kwanza.

Kitambaa cha maua kikatoka. Kikombe kikatoka, na mdomo wake wa kijani. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Nikajua wanastaajabu, nikapandisha sauti. Nikasema ninakunywa chai ya maziwa, viazi vinatoa moshi, na jua la asubuhi hii limeingia dirishani limeangukia mkono wangu.

 Mimi nikaendelea. Ndiyo hatari ya kuhifadhi: ukianza husimami. Nikataja saa ya ukutani kwa fahari. Nikasema, "Na mke wangu Praxeda ananiongezea sukari."

Hapo masikio yangu yakasikia kilichosemwa na mdomo wangu.

Jua la asubuhi. Leo. Tarehe kumi na mbili ya Ramadhani! Na mke. Na mke mwenyewe Praxeda!

Nilifumbua macho. Mzee Idarusi alikuwa amenyanyua mkono kutafsiri na mkono umebaki hewani. Mtu akasema astaghfirullah. Bibi Agatha alikuwa anauliza kwa nini mkalimani hasemi. Mzee akamwambia maneno machache ya Kizungu, na bibi akanitazama kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko mengine yote.

Nikatoka. Mwavuli nimeuacha huko.

Jumamosi, 13 Aprili

Mtaa wote unajua. Zubeiri anakula mchana, tena kwa Mkristo, tena ana mke kamficha mashambani. Adhuhuri Mwinyijuma alisimama mlangoni kwetu akagonga vikombe vyake vya kahawa, akauliza kwa heshima kama leo nitaanza na chungu au na tangawizi. Mwanamke mmoja jirani kaleta kiporo cha uji, ati mgonjwa huwa haulizwi.

Nimefunga! Wallahi nimefunga! Tumbo langu ni shahidi.

Usaliti upo. Kwa nini Laurenti hakunikumbusha kuhusu jua? Mtu anakupa picha nzima na anajua umo katika saumu. Nimeuliza, kumbe Laurenti na Mselem hupanda basi moja Jumamosi. Yaani.

Mama kavaa buibui lake, kaenda kwa Mzee Idarusi bila kuniambia kitu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama kasema na mzee. Amemwapia kwamba daku ananipakulia yeye kwa mkono wake na kwamba hakuna Praxeda. Mzee kaamini. Kasema aliyetoa maneno yale hakuwa anaona kitu, alikuwa anasoma ukutani mwa kichwa chake, na yeye mzee anaijua hali hiyo. Sikuelewa. Mama hakufafanua.

Kisha ujumbe wenyewe. Niende kesho, mara ya pili. Niseme kweli. Kama naona, niseme naona. Kama sioni, niseme sioni, na hakuna wa kunicheka akiwapo yeye. Kisha baada ya Idi tuzungumze habari za posa.

Nilimfanya mama aurudie ujumbe. Akaurudia. Nikauliza mzee alikuwa na uso gani akisema "kama sioni". Mama akasema uso wa mtu anayeomba. "Mwanangu," akasema, "miye n'shakuzaa, nakujua. Enda kaseme giza, urudi."

Nimelifikiria jambo hili tangu alasiri. Kwa nini waniambie jibu? Nani anampa mtu jibu la mtihani kabla ya mtihani, tena mara mbili, tena kwa mdomo wa mama yake? Uweso alisema giza akachekwa ukumbi mzima. Sasa wanataka niseme giza mimi, mbele ya Mselem, ili mzee apate sababu ya kunikatalia bila kumvunjia mama heshima. Wazi kabisa! Kitu kimoja tu sikielewi: Mselem leo kanipita njiani akaniambia kwamba mambo ya Asmahani kaniachia. Kaniachia! Mtu hawezi kuacha kitu anachokitaka, ila kwa mtego.

Mtego juu ya mtego. Mimi si Uweso.

Jumanne, 16 Aprili

Ushindi!

Nilifika mapema. Safari hii sikuazima kwa mtu. Bibi aliniuliza kwa upole kama ninaona kitu au sioni, yote sawa. Mzee akatafsiri polepole, na akalitamka lile "au sioni" kwa kunikazia macho. Nikajichekea moyoni.

Nikafumba. Nikasema naona futari ya jana, baada ya jua kuzama. Hilo nililikariri mara tatu, baada ya jua kuzama. Naona sinia, naona kila punje ya wali na kivuli chake, naona mwezi juu ya paa, naona hadi sauti ya adhana. Bibi akauliza mwanga ukoje, hafifu au kama mchana. Nikasema unashinda mchana, hata sasa macho yananiuma. Kalamu ya bibi ikakimbia.

Nikaona mzee bado hajaridhika. Uso wake ulikuwa umeshuka. Nikaona nimalize kazi, nimshinde Uweso naye hapo hapo, maana alikuwa benchi la pili. Nikasema kwa hiari yangu kwamba mtu asiyeona kitu kichwani mwake ana walakini, huenda ana jini, na mimi nisingekubali mtu wa namna hiyo aingie katika ukoo wangu, wala nisingependa kuzaa naye. Hapo palikuwa pazuri.

Mzee Idarusi hakutafsiri. Bibi akangoja. Mzee akavua miwani, akafumba macho yake mwenyewe, akakaa hivyo. Naamini alikuwa anaiona harusi. Kisha akamwambia bibi neno moja na bibi akafunga daftari lake.

Nilipokuwa natoka Uweso alinirudishia mwavuli wangu. Kautengeneza na mpini wake uliokuwa umevunjika. Maskini, ndio kushindwa kwa adabu.

Jumapili, 21 Aprili

Kwa mzee kimya. Kimya kizuri, cha matayarisho. Laurenti kaja na mkewe kutazama filamu ya Pasaka. Praxeda kanicheka mpaka kashika ukuta. Nimewanyima kiti cha nyuma.

Alhamisi, 2 Mei

Siku ya pili ya Idi. Mvua haijakoma.

Asmahani kaposwa na jibu limetoka. Si Mselem. Uweso! Fundi baiskeli! Mtu wa giza!

Nilimwambia mama kuna rushwa. Mama alikuwa anakunja kanga, akaziweka chini, akanieleza yote kwa mara moja, na kila neno lake lilikuwa kama kibao.

Asmahani akifumba macho haoni kitu. Siku ile uani aliulizwa afikirie mtu anayempenda, akasema anampenda lakini hamwoni, ni giza. Wanawake wakasema ana jini. Ndicho kilichomliza. Dada yake Mselem akampelekea kaka yake habari, na Mselem akaiondoa posa yake kesho yake. Mzee Idarusi naye haoni, wala mama yake mzee hakuwa akiona. Miaka yote alidhani watu wakisema "namwona mbele ya macho yangu" ni maneno tu. Bibi Agatha ndiye aliyemwambia kwamba wengine huona kweli, na kwamba mara nyingine hali hiyo hukaa katika ukoo. Basi mzee akawa anatafuta mtu mmoja tu: atakayeishi na binti yake bila kumwita mgonjwa. Mama alikuwa amemwambia habari zangu. Nilipokuwa mdogo, baba alipofariki, nililia nikisema nimempoteza usoni, nimefumba macho na hayupo. Mzee aliposikia hivyo alisema, "Huyu ndiye mwenzetu." Alinitaka mimi. Alinitaka mimi kuliko Uweso!

"Mwanamume kakutilia tonge kinywani," mama akasema, "weye ukamtemea usoni."

 Moyo uliniuma, naandika hivyo maana hakuna wa kusoma. Asmahani nilimpenda. Ana kipini cha dhahabu na hucheka kabla hujamaliza kusema. Hayo nayajua kwa moyo, nayahifadhi kila siku.

Kisha akili ikanirudia. Hebu tazama! Baba haoni, binti haoni, bibi mzaa baba haoni, na mchumba wa kumfaa, bahati iliyoje, naye haoni. Wote kwa pamoja. Na mimi niliyesema naona, tena kwa mwanga unaoshinda mchana, ndiye niliyekosa. Hadithi hii imetungwa. Wametafuta njia ya kumpa Uweso, wakaona waseme giza.

Nitawaumbua. Nasikia Bibi Agatha anakwenda Mkwaja mwezi ujao, na mwenyeji wake huko ana binti aitwaye Mastura. Nitatangulia. Nitawaeleza watu wa Mkwaja wasidanganyike, na nimeshamwomba Laurenti anieleze chakula chake cha mchana, safari hii bila mke.

Haoni kitu! Nani katika dunia hii anafumba macho asione kitu? Nimefumba yangu sasa hivi kuhakikisha. Ila leo wingu ni zito na dirisha letu ni dogo. Nitajaribu tena kesho, jua likitoka.